Mama wa aliyemuua kaka yangu anaomba tuweke saini asinyongwe. Nifanyeje?

BintiWaTukuyu: Wakuu, shikamooni wakubwa. Mwaka 2016 kaka yangu aliuawa kwa panga, ugomvi wa mpaka wa shamba. Aliyemuua tumekua naye, kwao ni nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mahakama Kuu ilimhukumu kunyongwa, rufaa nayo ikagonga mwamba. Jumapili mama yake kaja na kuku na debe la mahindi. Kiti kakikataa, kakaa sakafuni. Anataka tuweke saini barua ya kumwombea kwa Rais. Baba katoka nje bila neno. Mama kanigeukia: "Wewe ndiye uliyesoma, sema." Nikisaini si nimemsaliti kaka?

wakili_mkaidi: Pole sana dada. Saini yako haimfungulii geti. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe au kubadili adhabu, na kwa hawa kilichozoeleka ni kitanzi kugeuzwa kifungo cha maisha. Ujue pia jaji hakuwa na hiari. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu alichohukumiwa nacho kina adhabu moja tu, kunyongwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilisema mwaka 2019 kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi.

Chuma_Doto: Marehemu alipewa nafasi ya kuandika barua? Anyongwe.

wakili_mkaidi: Mkuu, tangu 1994 hajanyongwa mtu nchi hii. Hata Magufuli, na ukali wake wote, mwaka 2017 alisema hadharani hawezi kusaini mtu anyongwe.

Chuma_Doto: Basi waifute! Kuliko kuwadanganya wafiwa kila mwaka kwamba kuna kitu kinakuja.

BwanaJelaMstaafu: Nimelinda gerezani upande wa waliohukumiwa kunyongwa. Geti likilia saa isiyo yake, vijiko vinasimama hewani, hata anayekohoa anajizuia. Mmoja alishinda rufaa. Shahidi alidai kumtambua usiku kwa mwanga wa kibatari, majaji wakauliza kibatari kilikuwa wapi na kilimulika kiasi gani, hakuna aliyejua. Alipotoka alikuwa hajui kufunga kamba za viatu. Wa kwenu sisemi hakuua, ila mimi tangu siku ile kitanzi sikitaki.

BiMkubwa_Tanga: Mwanangu pole. Kwetu Waislamu mwenye damu yake ana haki ya kudai na ana haki ya kusamehe. Mahakama za serikali hazendi hivyo, najua, lakini hata huko msamaha hauburutwi. Usisaini kwa ajili ya kuku. Kaa na baba yako kwanza, huyo aliyetoka nje ana neno.

BintiWaTukuyu: Asanteni. Kuku tunamlisha, mahindi yako mlangoni. Mama hataki yapikwe wala yarudishwe. Baba kasema jana usiku: "Simsamehi. Lakini kunyongwa kwake kutanipa nini?" Wakili, barua inaweza kuandikwa hivyo, kwamba hatujasamehe ila hatutaki anyongwe?

wakili_mkaidi: Inaweza. Iandike kwa maneno yake mzee, usiyapambe. Ile waliyowaletea irudishe bila saini.