Kitabu kinasema naweza kulisha mgonjwa. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniona nikishika kijiko

Wakuu, hili jambo limenikaa kooni wiki tatu sasa. Nimejaribu kulinyamazia nimeshindwa. Leo naliandika lote, na ni refu, kwa hiyo mwenye haraka apite.

Nasomea uuguzi msaidizi kwenye chuo cha ufundi. Jina la chuo sitalitaja, maana bado nimo ndani, mtihani wa mwisho uko mbele yangu, na sitaki wenzangu waadhibiwe kwa maneno yangu. Lakini waliopita pale watapatambua.

Kila mwanafunzi wa kozi yetu ana kitabu cha vitendo. Kwa ambao hawakijui, ndani mna orodha ya kazi zote ambazo muuguzi msaidizi anatakiwa kuzimudu kabla hajaachiwa mgonjwa: kunawa mikono, kuvaa na kuvua glavu, kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, kuogesha, kugeuza, kulisha, kupima joto na presha, kupima mkojo na kuuandika. Changu kina mistari 41. Kila mstari una nafasi ya tarehe na sahihi, na ukurasa wa kwanza umeandika wazi kwamba mwalimu atasaini baada ya kumwona mwanafunzi akiifanya kazi hiyo kwa mikono yake.

Changu kimesainiwa chote. Kati ya hiyo mistari 41, ambayo mwalimu aliniona nikiifanya ni 15.

Ilivyofanyika ni hivi. Siku moja kabla ya kupelekwa wodini tuliambiwa turundike vitabu mezani. Kesho yake asubuhi tukarudishiwa vimejaa. Wino ule ule, mwandiko ule ule, tarehe zimepangwa zipishane ili ionekane kazi ilifanyika kidogo kidogo muhula mzima. Mstari wa kuogesha mgonjwa kitandani umepewa tarehe ambayo nilipoitazama kwenye kalenda ilikuwa Jumapili. Chuo kilikuwa kimefungwa!

Sasa niwaeleze hicho chumba cha mazoezi ambamo inadaiwa tulijifunza. Wanafunzi tuko 38. Sanamu ya mgonjwa ni moja, mkono wake wa kulia umechomoka begani na umewekwa kabatini. Kitanda ni kimoja, na kile kishikio cha kuzungusha ili upande wa kichwani uinuke kimevunjika tangu kabla hatujafika. Kwa hiyo miezi yote niliyosoma pale sijawahi kuona mgonjwa ameinuliwa kichwa. Sanamu imelala chali mwaka mzima. Shikeni hilo la kitanda, nitalirudia.

Sinki lipo, maji hayatoki. Kunawa mikono tulifundishwa kwa kusugua hewa. Mwalimu amesimama mbele anaonyesha, sisi tunaigiza, dakika mbili tumemaliza, saini. Shirika la Afya Duniani limeeleza hatua kwa hatua: kunawa kwa maji na sabuni kunachukua sekunde 40 hadi 60, kwa dawa yenye spiriti sekunde 20 hadi 30, na kuna nyakati tano ambazo mhudumu lazima asafishe mikono, kuanzia kabla ya kumgusa mgonjwa mpaka baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Hizo nyakati tano nilizisoma mwenyewe kwenye bango la ukutani wodini, siku ya nne, nimesimama na beseni mkononi. Daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha wenzake hospitalini kule Vienna, Austria, kunawa kwa maji ya klorini mwaka 1847, na vifo vya akina mama waliojifungua vikashuka. Ni jambo la zamani kiasi hicho, na sisi tumepewa sahihi kwa kunawa hewa.

Kipimo cha presha kilikuwepo kimoja, mpira wake wa kupulizia unavuja. Unapuliza, mshale unapanda, kabla hujasikiliza chochote umeshashuka. Kitambaa cha kufunga mkononi ni saizi moja kwa watu wote. Hakuna aliyetuambia kwamba kitambaa kidogo kwenye mkono mnene kinatoa presha ya juu kuliko ilivyo kweli. Mtu anaweza kuanzishiwa dawa kwa kosa hilo.

Na upumuaji, hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kuhesabu hakuhitaji mashine, kunahitaji saa na utulivu. Unaangalia kifua kinavyopanda na kushuka dakika nzima, tena bila kumtangazia mgonjwa, maana akijua anahesabiwa atabadilisha pumzi zake. Upumuaji ni moja ya vitu vya mwanzo kubadilika hali ya mgonjwa inapoanza kuharibika, mara nyingi kabla presha haijashuka. Nendeni mkaangalie chati tulizojaza sisi wanafunzi. 18, 18, 20, 18, 18. Wodi nzima inapumua sawasawa. Nilimwona mwenzangu anajaza wagonjwa tisa akiwa amesimama dirishani, wala hakukaribia kitanda hata kimoja. Simlaumu. Kwenye kitabu chake kumeandikwa kwamba anajua kuhesabu pumzi, na hakuna siku aliyofundishwa. Alidhani ile sehemu ya chati ni ya kujazwa tu.

Nije kwenye kilichonifanya niandike.

Wiki ya pili wodini nilipewa mzee mmoja aliyepata kiharusi. Upande wa kushoto umelegea, mdomo umeshuka, lakini macho yake yanaelewa kila kitu. Saa ya chakula sista alinipa bakuli la chakula laini akaniuliza, "Umeshasoma kulisha?" Nikamwambia ndiyo. Sikudanganya kwa makusudi jamani, kitabu changu kimesainiwa, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba kama nimesainiwa basi najua.

Nilimwekea mto wa pili, nikaona inatosha. Kichwani mwangu mgonjwa ni mtu aliyelala. Nikakaa upande wa kushoto kwa sababu ndiko kiti kilikokuwa. Nikajaza kijiko. Binti yake alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, akanishukuru kwa kumhudumia baba yake. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikawa naona anatafuna tafuna, nikafurahi kwamba anakula. Kijiko cha nne au cha tano akakohoa. Kikohozi chenyewe kidogo, hakina nguvu. Nikamfuta mdomo nikaendelea. Akajaribu kusema neno na sauti ikatoka na maji ndani yake, kama mtu anayeongea huku anasukutua. Sikujua kama hiyo ni dalili. Nikanyanyua kijiko kingine.

Sista alikuwa kitanda cha tatu kutoka pale. Aliisikia ile sauti akaacha alichokuwa anafanya. Alifika akanishika mkono uliobeba kijiko, hakunipigia kelele. Akazungusha kishikio, kitanda kikainuka mpaka mzee akawa amekaa wima kabisa. Akamwinamisha kidogo, akamwambia, "Kohoa baba, kohoa kwa nguvu." Akavaa glavu, akaangalia shavu la kushoto. Vijiko vyangu karibu vyote vilikuwa humo. Chakula kilikuwa kimejazana kwenye shavu ambalo halina hisia, na kidogo kidogo kilikuwa kinateleza kwenda kusikotakiwa.

Mzee aliponyanyua macho aliniangalia mimi. Binti yake alikuwa analia.

Baada ya kuhakikisha anapumua vizuri na daktari kuarifiwa, yule sista alinivuta pembeni akanifundisha kwa robo saa mambo ambayo chuo kimepokea ada yangu na hakikunifundisha. Mgonjwa akae wima, kidevu kiinamie chini kidogo. Kaa usawa wa macho yake. Weka chakula upande wenye nguvu. Kijiko kidogo, nusu. Angalia koo lipande na kushuka ndipo ulete kingine. Chungulia shavu. Akikohoa, sauti ikiwa na majimaji au pumzi zikibadilika, acha hapo hapo na uite muuguzi. Akimaliza, abaki amekaa angalau nusu saa. Na kabla ya yote, uliza kama ameshapimwa uwezo wa kumeza, kwa sababu kuna wagonjwa wa kiharusi ambao hawatakiwi kupewa hata maji kwa mdomo. Chakula kikiingia kwenye mapafu kinaleta nimonia, na mzee wa namna ile nimonia inaweza kumwondoa. Akaniuliza tena, kwa upole, "Mwanangu, chuoni mlifanya?"

Sikuwa na la kujibu. Jioni nilifungua kitabu. Mstari wa 27, kulisha mgonjwa mwenye shida ya kumeza. Sahihi ipo, tarehe ipo.

Wapo watakaosema nalia kwa sababu kazi ni ya mikojo na vinyesi. Hapana. Nilijua nakwenda wapi na nilikwenda kwa kupenda. Kumsafisha mtu asiyeweza kujisafisha sioni aibu yoyote. Ninachotaka ni kufundishwa kumsafisha bila kumdhuru. Mwanamke anafutwa kutoka mbele kwenda nyuma ili uchafu usiingie kwenye njia ya mkojo, mfuko unaopokea mkojo wa mgonjwa aliyewekewa mpira haunyanyuliwi juu ya kibofu, mgonjwa asiyejigeuza anageuzwa kwa ratiba, na mara nyingi ratiba hiyo ni kila saa mbili, unakagua visigino, nyonga na chini ya kiuno. Tena habururwi kwenye shuka, maana ngozi inachubukia chini kwa chini na kidonda kinaanzia hapo. Mwenzetu mmoja alimburura bibi peke yake, akamchubua bibi, na yeye mwenyewe mgongo ukamkamata mpaka leo anatembea ameinama. Wote wawili wameumizwa na sahihi.

Na msidhani huko wodini mwalimu yupo. Wanafunzi 38 tumetawanywa, mwalimu wa kutusimamia ni mmoja, alikuja mara mbili. Mara zote mbili alihesabu mahudhurio akaondoka. Siku nyingine sisi ni watu wa kutumwa: peleka damu maabara, leta shuka, sukuma kiti. Manesi wenyewe wamezidiwa, wanamfundisha mwanafunzi pale tu roho yao ikiwatuma. Yule sista hakulipwa chochote kwa ile robo saa.

Nilimfuata mwalimu. Nilimweleza yote kuhusu mzee. Jibu lake: "Hayo mtajifunza mkiwa kazini." Nikamuuliza, kwa mwili wa nani? Akasema nina dharau.

Nikapanda kwa mkuu wa idara na kitabu changu. Nilikuwa nimeandika kwa penseli neno "sijafanya" pembeni ya mistari 26. Akazigeuza kurasa, akaniuliza kama naelewa kwamba bila kitabu kilichojaa siruhusiwi kukaa kwenye mtihani. Nikamwambia naelewa, ndiyo maana naomba tufundishwe hiyo 26, hata jioni, hata siku za mapumziko, hata kwa sanamu isiyo na mkono, na hicho kishikio cha kitanda kitengenezwe. Hakuzungumzia kishikio. Akafungua droo akatoa kitabu kipya kabisa, akasema nijaze jina langu, kitasainiwa chote kabla ya Ijumaa, na hiki chenye maandishi ya penseli nimwachie.

Waelewe kitu kimoja hawa walimu wetu. Siku mgonjwa akipaliwa mkononi mwangu akafa, hicho kitabu kitafunguliwa na kitasema nilifundishwa na nikaonwa. Wao watakuwa salama. Mimi nitakuwa mtu aliyefundishwa vizuri akafanya uzembe. Na familia ya marehemu itaamini hivyo maisha yao yote.

Kitabu kipya nilikiacha mezani kwake. Cha zamani nimetoka nacho, kila ukurasa nimeupiga picha, na barua yangu kwa bodi inayosimamia mitihani yetu imeshaondoka ikiwa na hizo picha. Wenzangu wanne wamekubali kuambatanisha za kwao. Wengine wanaogopa, na siwalazimishi.

Yule mzee alipata homa siku mbili baadaye. Alitibiwa, homa ikashuka, na kabla sijaondoka pale nilimlisha tena, sista akiwa amesimama nyuma yangu mwanzo mpaka mwisho. Ilichukua dakika 40. Nilimwomba asaini, akakataa, akasema kitabu ni cha chuo na mstari umeshajazwa.

Mwenye kitabu kama changu, awe bado anasoma au ameshaajiriwa, naomba aandike hapa chini idadi mbili tu: mistari mingapi imesainiwa, na mingapi mwalimu aliona. Jina lako na la chuo usiweke.