Ramani tatu, kiwanja kimoja Nzuguni: nisaidieni kuzichambua kabla sijachimba msingi

Mwl_wa_Nzuguni
Habari za jioni wakuu. Nina kiwanja Nzuguni, hapa Dodoma, mita 20 kwa 30. Upande wa mita 20 ndio unaotazama barabara, na barabara iko magharibi. Bloku 2,000 zimeshafyatuliwa, zimekaa zinanitazama. Sina mkopo, najenga kwa mshahara na kidogo cha alizeti. Tutakaoishi humo ni mimi, mama Neema, watoto watatu (binti wa miaka 13, wavulana wa 9 na 4) na mama yangu mzazi, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua.

Ramani A ni boksi la mita 13 kwa 10. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule na sehemu ya kulia pamoja, jiko nyuma, choo cha pamoja mwisho wa korido. Paa la kawaida la pande nne. Haina stoo.

Ramani B ni umbo la L. Ukiipima kwa nje ni 15 kwa 12, ila kona moja ya 10 kwa 5 imeachwa wazi iwe ua. Vyumba vinne vidogo vidogo, stoo, na kibaraza kirefu kinachotazama huo ua.

Ramani C ni 14 kwa 11, vyumba vinne, paa la kuficha (bati halionekani, linakaa nyuma ya ukuta wa juu). Hii ndiyo mama Neema ameiweka picha ya mbele kwenye simu yake. Nikiisema vibaya nalala sebuleni, na sebule yenyewe ni ya mwenye nyumba.

Zote tatu zimechorwa upande mpana ukitazama barabara. Natanguliza shukrani.

FundiMsingi
Mwalimu, kabla ya kuhesabu vyumba hesabu ukuta. A na B zina ukubwa uleule, mita za mraba 130. Lakini ukizunguka nje, A ni mita 46 na B ni mita 54. Hizo mita nane ni msingi, bloku, linta, plasta na rangi. Na pale L inapokunja, paa mbili zinakutana, bati zinakatwa mshazari na vipande vinavyobaki utaezekea banda la kuku. Sisemi B ni mbaya. Nasema ina bei ambayo kwenye karatasi haionekani.

Swali: udongo wako ni kichanga, au ule mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi? Chimba shimo la mita moja na nusu kwenye kila kona ya nyumba uone mwenyewe. Kama ni ule mweusi, L itakusumbua, maana nyufa hupenda kuanzia kwenye kona ya ndani.

Mwl_wa_Nzuguni
Juu ni kichanga chekundu. Chini sijachimba. Naongeza kwenye orodha.

Kalamu_na_Rula
Mimi kazi yangu ni kuchora, kwa hiyo mnisamehe nikirefusha.

Tatizo la kwanza si A wala B wala C. Zote zimelazwa vibaya kwenye kiwanja. Ukiweka upande mpana kutazama barabara ya magharibi, sebule na vyumba vya mbele vinapigwa na jua la saa kumi alasiri. Jua hilo linakuja kwa ulalo, halizuiwi na bati hata ulitokeze kiasi gani. Ukuta unalihifadhi, kisha saa nne usiku unakurudishia ukiwa kitandani. Aliyelala kwenye chumba cha magharibi Oktoba anajua.

Upande wa kaskazini na kusini ni rahisi. Dodoma tuko kama nyuzi sita kusini ya ikweta. Mwezi wa sita jua la saa sita linakaa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linahamia kusini, na nyakati zote mbili liko juu sana. Bati likitokeza sentimita 80 nje ya ukuta, dirisha linapata kivuli. Kiwanja chako kina urefu wa mita 30 kutoka magharibi kwenda mashariki, yaani kimeshakupa jibu. Igeuze nyumba. Upande mwembamba uangalie barabara, madirisha ya vyumba yaangalie kaskazini na kusini, na ukuta wa magharibi uupe vyumba visivyokaliwa: stoo, bafu, jiko.

Na upepo. Kiangazi unatoka mashariki na kusini mashariki, Agosti na Septemba unakuja na vumbi lake. Jiko likiwa magharibi moshi unakwenda barabarani. Jiko lako la A liko nyuma, mashariki. Moshi wote wa mkaa utapita sebuleni kwanza ndipo uondoke.

Mhamiaji2019
Sasa nyumba ikigeuzwa mlango mkubwa si utakuwa ubavuni? Mgeni anaingia getini anakutana na ukuta. Majirani watasema nyumba imenuna.

Kalamu_na_Rula
Mgeni atatembea hatua kumi za ziada mara moja. Wewe utalala kwenye joto miaka thelathini.

Mama_Kisasa
Aliyesema jikoni hakukaliwi hajawahi kusonga ugali saa kumi na mbili jioni mwezi wa kumi 😂

Moshi nakubaliana naye kabisa, lakini jiko lisikae katikati ya ukuta wa magharibi. Liwe kwenye kona ya kaskazini magharibi, dirisha kubwa liangalie kaskazini, na nje panda mwarobaini leo, usisubiri kuhamia. Upande wa magharibi wa jiko weka tundu dogo juu la kutolea joto, basi. Na mlango wa kutokea nje kutoka jikoni uwe na kibaraza chenye paa, hata mita mbili tu. Sisi wote tuna jiko la gesi ndani na maharage yanachemka nje kwa mkaa. Wachoraji wanachora kama vile maharage hayapo.

Mwalimu, umetaja magoti ya mama kisha ukanyamaza. Kwenye A choo kiko mwisho wa korido. Usiku atapita milango mingapi? Chumba chake kiwe cha kwanza kwa choo, hatua tatu nne, mlango wa choo usiwe ule wa sentimita 70, weka 90. Choo cha kukaa, chuma cha kushikilia ukutani, na sakafu isiwe ya vigae vinavyoteleza. Kibarazani usimwekee ngazi tatu, mwage mteremko mpole. Nilijenga nyumba nzuri sana, mama mkwe akaja na fimbo yake, kuanzia siku ile alikuwa anakaa chumbani kutwa kwa sababu ya ngazi mbili. Mbili tu.

Na stoo. Mtu mwenye alizeti anajenga nyumba isiyo na stoo? Magunia yatakaa sebuleni nyuma ya kochi.

Mkazi_wa_Ilazo
Naona C hakuna anayeigusa kwa kumwogopa mama Neema. Naigusa mimi, ninaishi kwenye paa la kuficha mwaka wa nne.

Watu wanasema linavuja. Linavuja ukimpa fundi wa bei rahisi. Mvua ya Dodoma ni chache lakini ikija inamwagwa kama imekasirika, na maji yote yanakusanyikia kwenye mfereji wa ndani nyuma ya ukuta wa juu. Mfereji wangu ni mpana, nimeweka matundu mawili ya dharura ya kutokea nje, na kila mwisho wa Novemba napanda kutoa majani na vumbi. Halijavuja. Upepo wa Agosti nao haupati pa kulishika bati.

Ila nisiwadanganye: kuta hazina kivuli kabisa. Rangi ya magharibi imechujuka, na nafasi kati ya bati na dari ni ndogo hivyo mchana pamoto. Nimeishia kuweka vibati vya kivuli juu ya kila dirisha. Hela hiyo ungeweza kuipeleka kwingine.

FundiMsingi
Huo ukuta wa juu nao ni bloku, mkuu. Ukizungusha mita moja juu ya C yote, mita 50 za mzunguko, ni ukuta mwingine wa mita za mraba 50 ambao hauna chumba ndani yake.

Tembe_la_Babu
Mnanichekesha. Babu zetu Wagogo walijenga tembe, paa bapa la miti na udongo mzito, kuta nene, madirisha kama hakuna, ua katikati wa ng'ombe. Mchana ndani baridi, usiku wa Julai ndani joto. Leo tunaweka bati tupu kisha tunanunua feni. Sikuambii ujenge tembe, ila ua wa B una akili. Ukuta wa nyumba wenyewe unaukinga upepo, ukiuelekeza vizuri.

Mhamiaji2019
Kuna jambo hamjaligusa, fedha. Mwalimu anajenga kwa mshahara. Mimi nilihamia na vyumba viwili na choo, madirisha nimeziba kwa mbao, nikaacha kodi. Hapo L inashinda. Unajenga mkono mmoja, vyumba na choo, unahamia, mkono wa sebule unakuja baadaye. Boksi huwezi kuliezeka nusu.

FundiMsingi
Hapo umesema. Lakini msingi wote umwagwe siku moja, pamoja na mkanda wa zege chini. Ukijenga mkono wa pili miaka mitatu baadaye kwenye msingi mpya, pale zinapoungana patafunguka tu. Na tuko kwenye bonde la ufa hapa, vitetemeko tunavisikia. Usibanie nondo kwenye mkanda wa juu ya madirisha.

Kalamu_na_Rula
Kabla ya yote, peleka michoro jiji upate kibali, na waulize kama inahitaji mhuri wa mbunifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Watakuambia urudi ndani kiasi gani kutoka kila mpaka. Herufi X nyekundu ya kubomolewa haifutiki kwa rangi.

Kisha fanya hivi, bure kabisa. Chukua kamba, vigingi na ndoo ya majivu. Ichore nyumba chini kwa ukubwa wake halisi. Waite wote watakaoishi humo, watembee. Kila mtu alale mahali pa kitanda chake.

Mwl_wa_Nzuguni
Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Mashimo nimechimba, kichanga mpaka chini, mchwa wengi (fundi atapiga dawa kabla ya jamvi, yaani zege la sakafu).

Tulikwenda Jumamosi na majivu. Tukachora B kwanza. Chumba cha mita tatu kwa tatu kinaonekana kikubwa kwenye karatasi, lakini wavulana wangu walipolala chini na nikaweka mstari wa kabati, mlango haukufunguka. B ikafia hapo.

Tukachora A iliyogeuzwa, upande mwembamba barabarani. Nilikuwa nimeshaumiza kichwa jinsi ya kubana chumba cha nne ili mama apate chake na binti apate chake. Mama akakaa kwenye kigoda ndani ya majivu, akauliza Neema atalala wapi. Nikamwonyesha. Akasema, "Nilale peke yangu kwani nimekuwa mgeni?" Neema naye alikuwa ameshapanga kitanda chake karibu na cha bibi. Mimi ndiye sikuwa nimewauliza. Kwa hiyo vyumba ni vitatu, cha bibi na Neema kimeongezwa kuwa mita 4 kwa 3.6, choo mlango wa pili.

Urefu umefika mita 14.5, ile moja na nusu imekwenda kwenye stoo na bafu upande wa magharibi. Stoo ina mlango wake wa nje.

Mama Neema amekubali paa la kawaida kwa sharti la bati la msauzi, aina anayoipenda. Nimesaini.

FundiMsingi
14.5 kwa 10, mzunguko mita 49. Bado uko chini ya L. Safi. Kuhamia mapema inawezekana, ezeka yote, malizia vyumba viwili na choo, sebule ikae na sakafu ya zege.

Mama_Kisasa
Hongera kwa mama. Kibaraza chake kiko wapi?

Mwl_wa_Nzuguni
Kaskazini, nje ya chumba chao. Alipachagua mwenyewe, anasema asubuhi za Julai anataka jua la magotini na anataka aone geti bila kusimama.

Mkazi_wa_Ilazo
Usisahau maji. Mgao unaujua. Paa lako na bati linalotokeza litafika mita za mraba 170 na zaidi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua milimita 550 kwa mwaka, toa moja ya tano inayopotea, bado unapata zaidi ya lita 70,000, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Tenki la chini lijengwe mashariki, na shimo la maji taka likae mbele magharibi, gari la kunyonya lifike bila kubomoa ukuta. Pitisha mabomba kabla hujamwaga jamvi.

Kalamu_na_Rula
Nitumie vipimo vya mwisho nikuchoree upya kabla hujapeleka jiji. Pima kutoka kwenye majivu, usipime kutoka kwenye karatasi ya zamani.

Mwl_wa_Nzuguni
Nimetoka huko sasa hivi, mkuu. Mbuzi wa jirani wamelala masta, stoo imebaki nusu. Kesho narudi na ndoo nyingine.