Eti "makumbi tu haya"! Leo huyu mtu amenimaliza

Mama_Madimbwa:
Jamani naandika mkono unatetemeka, salamu mtanidai kesho.

Jina silitaji, mnamjua. Yule anayeshauri kila nyumba ya Malindi, kuanzia Shela mpaka Maweni, bila kuitwa. Leo alasiri kaja kwangu kunywa kahawa. Nimeingia jikoni kuchukua tende, natoka namkuta kachuchumaa penye chungu cha asmini, anamimina. Anamimina nini? MFUKO WANGU WA MAYAI! Namuuliza, bwana wee, wafanya nini? Ananijibu bila haya: "Makumbi tu haya, nimekusaidia."

Makumbi tu!

Kwa msiojua, nafuga samaki wa madimbwa ya mvua, Nothobranchius jubbi, wa huku huku kwetu upande wa njia ya Garsen. Madume yao yana rangi kama kanga mpya ya Idi. Dimbwi likikauka wakubwa wote wanakufa, mayai yanabaki yamelala kwenye tope mpaka mvua nyingine. Kwa hiyo ukiwafuga nyumbani unawatilia vumbi la makumbi lililochemshwa, wanataga humo, unalikamua, unalifunga mfukoni likiwa na unyevu kidogo, unaandika tarehe, unangoja miezi. Nimengoja! Na tarehe niliandika, kwa kalamu nyekundu, na ALIISOMA. Eti alidhani ni siku ya kuharibika.

Kisha akatia maji juu yake. Bilauri nzima, ili asmini inywe. Ukoo mzima wa samaki, vitukuu elfu na mia, umemwagwa na mtu anayeniambia makumbi tu haya!

Na akataka kahawa ya pili. Nikampa. Mamangu alikuwa anatazama, ningefanyaje?

Kasa_Mzee:
Pole sana. Asmini inaendeleaje?

BintiMaweni:
Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Huyo huyo kwangu alitia chumvi kwenye tangi la neon tetra, akasema samaki bila chumvi hachangamki. Wale ni wa Amazon, maji yao chumvi hawaijui! Kufika magharibi wote wamelala ubavu, wamekufa.

Dereva_wa_Tuktuk:
Kwani hao wanalika?

Mama_Madimbwa:
Hawafiki hata urefu wa kidole!

Dereva_wa_Tuktuk:
Basi ni dagaa. Mtu anatuwekea matanga ya dagaa ambao hata hawajazaliwa.

Ngalawa77:
Msimcheke. Dada, kama mayai yalikuwa yameiva, yakipata maji yanaanguliwa kwa saa chache tu. Chota udongo wa juu sasa hivi, utie kwenye beseni la maji ya mvua, umulike na tochi. Ukiona vitu vinarukaruka ndio wenyewe.

Mama_Madimbwa:
Chungu nilikitia samadi ya mbuzi majuzi.

Ngalawa77:
Inna lillahi.

Mama_Madimbwa:
MAKUMBI TU! Anaongea huku anajipangusa mikono!

Kisima_cha_Chumvi:
Wewe angalau una wa kumlaumu. Samaki wangu wa guppy wamemalizwa na maji ya bomba. Maji yalirudi usiku yananuka klorini, nikabadilisha tangi zima nikalala. Asubuhi kimya. Na majike wawili walikuwa na mimba.

BintiMaweni:
Maji ya bomba unayaacha wazi kwanza usiku kucha, nani hajui hilo?

Kisima_cha_Chumvi:
Niyaache wazi wapi, na paka wa mtaa huu wananawia humo?

Kasa_Mzee:
Paka msiniambie. Huku stima ikipotea pampu ya hewa inazima, samaki wanapanda juu kutafuta pumzi. Kuna jipaka limeshajua. Taa zikizima tu linakuja kukaa juu ya tangi, linangoja.

Dereva_wa_Tuktuk:
Stima gani hiyo? Mimi nimenunua tokeni jana, leo zimekwisha, na sina hata friji.

Mama_Madimbwa:
Jamani, uzi huu ni wa MAYAI YANGU.

BintiMaweni:
Kasa_Mzee, hilo paka ni la rangi gani? Langu limetoka Ijumaa halijarudi.

Kasa_Mzee:
La chungwa, mkia umekatika.

BintiMaweni:
Ndiye Sultani! Mshike, nakuja na tuktuk.

Dereva_wa_Tuktuk:
Mia mbili, na paka analipiwa kiti chake.