Portrait of a Lady on Fire: kwanini Héloïse hakugeuka pale mwisho?

binti_kigamboni

Wakuu habari zenu. Kama hii muvi hujaiona pita kwanza uje baadaye, maana naongelea mpaka mwisho wake.

Nimeiangalia juzi usiku, ni ya Kifaransa ya mwaka 2019, dairekta ni mwanamama Céline Sciamma. Kwa aliyeiona zamani nimkumbushe kidogo. Ni karne ya 18, kisiwani huko Brittany, mchoraji anaitwa Marianne analetwa na mama mmoja wa kitajiri aje amchore binti yake Héloïse, picha ipelekwe Milan kwa mwanaume ambaye binti hajawahi hata kumuona, mwanaume akiipenda picha ndo ndoa imepita. Héloïse hataki ndoa kwahiyo hataki kukaa achorwe, mchoraji aliyetangulia kaondoka na uso hajauona. Basi Marianne anaambiwa ajifanye ni mtu wa kumsindikiza matembezi, mchana anamwangalia kwa kuibia, usiku anachora kwa kukumbuka. Hapo ndo iliponikamata, kwasababu yale mapenzi yanaanza kabla hawajashikana hata mkono, yanaanza kwa mmoja kumkariri mwenzie, sikio lilivyo, mikono inavyolala, anavyouma mdomo akiona haya.

Swali langu ni la mwisho kabisa. Miaka imepita, Héloïse kaolewa kazaa, Marianne anamuona ukumbini kwenye muziki, kakaa peke yake upande wa pili, muziki wa Vivaldi, yule mtunzi wa Kiitaliano wa zamani, unaanza, kamera inamsogelea taratibu zaidi ya dakika mbili bila kukatwa, analia, anahema, kuna mahali anatabasamu kabisa, halafu muvi inaisha hajageuka hata mara moja. Marianne anasema hakumuona. Mimi siamini. Naona alijua kabisa mwenzie yupo pale akajizuia. Sasa kama alijua kwanini hakugeuka? Na kama hakujua mbona inauma namna hii? Nisaidieni maana nimebishana na mdogo wangu mpaka kanuna.

mzee_wa_sinema

Binti, rudia ile sini ya usiku wanaposoma kitabu mezani. Héloïse anasoma, Marianne na yule dada wa kazi Sophie wanasikiliza. Ni hadithi ya Orpheus, mwanamuziki wa hadithi za kale za Wagiriki, kafiwa na mkewe Eurydice akashuka kuzimu kumfuata, akaruhusiwa aondoke naye kwa sharti asigeuke kumwangalia mpaka watoke nje. Wamebakiza kidogo tu akageuka, mke akarudi kuzimu moja kwa moja. Sophie anakasirika kweli pale, anasema kaambiwa asigeuke, hakuna sababu hata moja ya kugeuka. Marianne anasema pengine alichagua, akaamua kama mshairi badala ya kuamua kama mpenzi, akabaki na kumbukumbu. Halafu Héloïse ndo anawamaliza wote, anasema pengine ni mke mwenyewe alimwambia geuka.

Sasa nenda asubuhi ya kuachana. Marianne anashuka ngazi mbio, anafika mlangoni, anasikia nyuma yake geuka, anageuka, Héloïse kasimama na gauni jeupe la harusi, mlango unafunga, giza. Na lile gauni tulishaliona kabla, Marianne alikuwa anamuona Héloïse kasimama nalo kwenye korido usiku kama mzuka, wakati ule bado wako pamoja nyumba moja. Alishaanza kumkumbuka kabla hajampoteza. Muvi yenyewe inaanza Marianne akifundisha wanafunzi, mmoja katoa stoo picha ya mwanamke ambaye gauni linawaka moto, ndo tunarudishwa nyuma. Yaani vyote tunavyoviona ni vya kichwani kwa mtu mmoja. Kwahiyo ukiuliza Héloïse alijua au hakujua, unauliza kitu ambacho muvi haikutupa, hatukupewa macho yake.

Ila alichotupa Sciamma ni ukurasa wa 28. Kabla ya ule ukumbi Marianne anaikuta picha ya Héloïse kwenye maonyesho, kachorwa na mtu mwingine, yuko na mtoto wake, kashika kitabu, kidole kimekiachanisha kidogo namba ya ukurasa ionekane. 28, ukurasa ule ule ambao Marianne alimchorea sura yake mwenyewe wakati siku zao zinaisha. Kwangu mimi huko ndo kugeuka kwenyewe. Kageuka ndani ya picha ya familia, wageni wamepita mbele yake wameona mama na mtoto tu, mmoja peke yake ndo kaelewa. Baada ya hapo ukumbini ageuke tena kutafuta nini?

Na kitu kingine, Sciamma alimwandikia mwigizaji Adèle Haenel hiyo nafasi ya Héloïse, na hao wawili waliwahi kuwa wapenzi wakaachana kabla ya muvi. Ukilijua hilo ile kamera inavyomsogelea taratibu pale mwisho utaiona kwa namna nyingine.

Baba_Neema

Mimi nisiwafiche, mapenzi ya namna hiyo imani yangu haiyakubali na sikuja kubishana hilo. Niliiangalia kwasababu binti yangu anasomea sanaa akaniambia baba kaa tuone wote. Aliyeniumiza mimi ni yule mama. Kuna mahali anamwambia Marianne kwamba siku alipoingia kwenye ile nyumba kama bi harusi aliikuta picha yake imeshatundikwa ukutani, inamsubiri. Naye alichorwa akatumwa kama barua. Halafu anamfanyia binti yake vilevile na haoni shida, anaona ni zawadi, maana yeye mwenyewe katokea Milan na anatamani kurudi. Mtu alipoumizwa kapageuza njia ya kupitishia watoto wake. Hilo hata huku kwetu lipo, mahari ishapokelewa ndo binti anaulizwa.

nesi_mbeya

Baba Neema umegusa penyewe, ila wote mnamruka mtu mmoja. Dada yake Héloïse.

Jamani yule ndo aliyekuwa aolewe na huyo wa Milan. Kaanguka kwenye jabali akafa, na Sophie anasema hakupiga kelele, yaani alijirusha. Ndo Héloïse akatolewa utawani kuja kuziba pengo. Na barua ya mwisho ya dada alikuwa anaomba msamaha, Héloïse hakuelewa msamaha wa nini, kaja kuelewa baadaye kwamba alikuwa anaombwa msamaha wa kuachiwa ule mzigo. Huyo dada hatujapewa jina lake wala sura. Siku ya kwanza wanatoka matembezi Héloïse anakimbia mbio kuelekea ukingoni, Marianne roho juu, anasimama pale pale mwisho, anasema nimeota kitu hiki miaka mingi. Anaulizwa kufa? Anajibu kukimbia. Mimi pale nilisimamisha nikanywa maji.

Nafanya kazi wodi ya wanawake, niwaambie ukweli, mtu aliyefiwa kwa namna ile hapendi kuangaliwa, maana kila anayemwangalia anamwangalia kama anayefuata. Mama anamwangalia hivyo, Sophie hivyo, na mwanzoni hata Marianne kazi yake ni kumchunguza. Ndo maana ile picha ya kwanza Héloïse anaikataa, ni nzuri lakini anasema haina uhai haina yeye ndani, na Marianne anaufuta uso kwa mkono wake. Ya pili inawezekana kwasababu Héloïse kakubali kukaa na naye anamwangalia mchoraji, anamtajia hata anavyoshika paji la uso akikosa cha kusema. Wale walipendana pale walipoanza kuangaliana wote wawili.

Sasa mkitaka kujua Héloïse ni mtu wa aina gani mrudie Sophie anapotolewa mimba. Kalazwa kitandani, mtoto mchanga yuko pembeni yake anamshika shika, Marianne hawezi, anageuza uso. Héloïse anamwambia angalia. Na usiku ule ule anawaamsha, anamlaza Sophie kama alivyokuwa, anamwambia Marianne chora hii. Kwa umri wangu kazini sijaona muvi nyingine iliyosema kwamba jambo hilo nalo linastahili kuchorwa likakumbukwa. Kwahiyo Héloïse siyo mtu wa kukwepa kuangalia. Ni yeye anayesema angalia, ni yeye anayesema geuka. Ndo maana mimi namwamini Marianne, pale ukumbini hakumuona kweli. Angemuona angegeuka.

Na yale machozi msiyafanye yote ya Marianne. Mle ndani yupo dada, upo utawa, kipo kisiwa, yupo na huyo mtoto aliyezaa na mwanaume aliyeletewa.

mpigafidla

Assalaam alaykum. Mie napiga fidla kwenye taarab hapa Unguja kwa hivyo naongea upande wa muziki tu.

Muvi nzima karibu haina muziki, mmeliona? Upepo, bahari, mkaa unakwaruza karatasi, basi. Muziki upo mara tatu. Wanawake wanaimba kwenye moto usiku, ile gauni la Héloïse linaposhika moto. Na Marianne anapiga kidogo kinanda kilichokuwa kimefunikwa kitambaa, Héloïse kakaa pembeni, mtu ambaye utawani kasikia kinanda cha kanisa tu maisha yake. Marianne anamhadithia huku anapiga, wadudu wanahangaika, dhoruba inakuja, halafu anasahau mbele, anaacha hapo. Anamwambia Milan ni mji wa muziki. Ya tatu ndo ukumbini, na ni kipande kile kile, Majira ya Joto katika yale Majira Manne ya Vivaldi, sehemu ya tatu, safari hii okestra nzima.

Yale Majira Manne yalichapishwa Amsterdam mwaka 1725 pamoja na mashairi yanayoeleza kila sehemu inasema nini. Hii ya tatu ni ngurumo na mvua ya mawe inayovunja masuke shambani, hofu ya mkulima imekuwa kweli. Wallahi ule mwendo ni mkali, mpigaji hana pa kuvuta pumzi. Sasa yule bibi kaachiwa muziki nusu na mtu anayempenda, miaka mingi baadae anausikia mpaka mwisho. Unataka ageuke saa ngapi? Mie namuona anasikiliza. Ukimuangalia vizuri utaona kifua kinakwenda na fidla.

Kwa hivyo nipo na nesi, hakumuona. Lakini nipo na mzee pia, kwani mwenziwe yumo mle ndani ya muziki.

nairobi_reels

Sasa wadau. Niongeze moja tu juu nyinyi mmeenda Ufaransa mkasahau ya jirani. Rafiki ya Wanuri Kahiu, 2018, nayo ni mapenzi ya wasichana wawili, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa, halafu huku nyumbani ikapigwa marufuku na bodi ya filamu, mpaka mahakama kuu ikairuhusu siku saba mwezi wa tisa mwaka huo, kumbi zikajaa Nairobi. Ilitoka kwa hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, Jambula Tree, ile ilishinda tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Afrika 2007. Sasa hiyo hadithi venye imeandikwa ni kumbukumbu tupu, Anyango anaongea na Sanyu ambaye alipelekwa London baada ya jirani kuwafumania, anamkumbusha kila kitu, estate yao ya Nakawa, mama zao, macho ya majirani. Wanuri alipoifanya filamu akaileta Nairobi, akabadilisha majina ikawa Kena na Ziki, na ule mwisho akaufungua, Kena yuko juu ya mji, anasikia sauti ya Ziki, mkono unamfika begani.

Ndio maana hii ya Héloïse ilinikasirisha nilipoiona mara ya kwanza. Nilitaka mkono begani. Hawa watu wameshapigwa vya kutosha, mmoja angegusa mwingine ingepunguza nini?

binti_kigamboni

Asanteni sana wote, nimesoma mara mbili. Nesi hiyo ya angalia na geuka kuwa vyote vinatoka kwa Héloïse sikuiona kabisa na imenivunja nguvu ya kubisha. Nairobi_reels nakuelewa sana, mimi pia nilitaka mkono begani.

Ila sasa imekuja nyingine. Kama Héloïse kweli hakumuona, Marianne alimuona. Mbona hakuvuka akaenda? Siyo 1770 tena kwamba mama yuko mlangoni, ukumbi umejaa watu, angepita tu kama mtu anamsalimia rafiki wa zamani.

mzee_wa_sinema

Hapo ndo ule ushairi wake. Kumbuka alishachora picha ya Orpheus akaiweka kwenye maonyesho kwa jina la baba yake, na kwenye ile picha Orpheus na mkewe wako kama watu wanaoagana. Alishafanya uamuzi.

nesi_mbeya

Mzee mimi ushairi huo simkubalii kirahisi. Usiku wa mwisho wako kitandani Marianne anaanza majuto, Héloïse anamwambia usijute, kumbuka, wakaanza kutajiana watakayoyakumbuka, ulivyosinzia jikoni, ulivyonuna nilipokufunga karata. Alipewa kazi na mtu aliyekuwa anaenda kufungiwa, naye kaifanya miaka yote, kachora, kafundisha, kahadithia. Lakini kwenye ngazi kuna mmoja aliyesema geuka. Ukumbini hakuna aliyesema. Sote tunamdai Héloïse shingo, wakati mwenye uwezo wa kuita alikuwa Marianne, na hakuita. Binti, swali lako la pili ndo lilipaswa kuwa la kwanza, na mimi jibu langu ni kwamba aliogopa. Alikuwa na Héloïse wa kwake kichwani miaka yote hiyo, na yule aliyekaa ng'ambo alikuwa mtu mwingine mwenye mtoto na machozi asiyojua yote yanatoka wapi. Simlaumu. Ila tusiuite uoga wake ushairi.