Wakuu, kichaka cha manzanita kinanikaukia upande mmoja. Nisaidieni kabla ya Jumamosi

Mzee wa Vilima
Habari za humu wakuu. Mimi niko California, mji mdogo unaitwa Auburn, kwenye vilima vya Sierra Nevada. Mbele ya nyumba kuna kichaka cha manzanita kilichonipita kimo. Kwa wasioujua, ni mti wa asili wa huku, majani yapo mwaka mzima. Shina lake lina rangi ya damu ya mzee, laini ukilipapasa, na kipindi hiki cha kiangazi gome linabanduka lenyewe na kujikunja vipande vyembamba. Maua hutoka baridi ikiwa kali, meupe yenye uwaridi, na vile vindege vya kuelea hewani havikosekani.

Sasa upande wa kulia majani yamegeuka kijivu, kisha kahawia, na hayadondoki. Tawi moja limeshakufa lote. Naomba kujua dawa ya kupuliza, au mbolea ya kuurudishia nguvu. Pia kama kuna mtu amewahi kuukata mti wa namna hii hadi chini ukachipua upya, aniambie. Nina haraka, Jumamosi kuna jambo.

Kijana wa Tandale
Pole mkuu. Mti tuuachie Mungu. Hebu tueleze, huko California uliingiaje? Bahati nasibu ya viza au ndoa?

Bi Mkubwa wa Tabora
Mti kukauka upande mmoja si bure, mwanangu. Mwarobaini wangu ulianza hivyo hivyo, ukakauka upande wa jirani tu. Nikalia, nikasema nimerogwa, hadi shemeji akataka kumleta mtaalamu kutoka Urambo. Kumbe jirani ana gereji, kila jioni anamwaga maji ya betri pale ukutani. Tulifikishana kwa mtendaji. Chunguza majirani kwanza.

Mfugaji wa Kibaha
Samadi ya kuku iliyooza vizuri, madebe mawili, na maji asubuhi na jioni. Utanikumbuka.

Mzee wa Vilima
Samadi ya kuku nilishaweka mwezi wa sita. Haijasaidia kitu.

Mama Kitalu
Salaam ndugu yangu. Mimi ni mtu wa Mombasa, nafanya kazi kwenye kitalu cha miti ya asili karibu na Santa Cruz, kwa hiyo manzanita nazipanda na kuzizika. Kabla ya dawa, nijibu haya. Unaumwagilia? Mara ngapi? Udongo wa namna gani? Pale shina linapoingia ardhini kuna kivimbe kikubwa cha mti au hakuna? Na utuwekee picha.

Mzee wa Vilima
Asante dada. Udongo ni mwekundu wa mfinyanzi. Maji yanatosha, hapo hakuna shida. Mimi hasa nauliza dawa na kukata.

Mama Kitalu
"Yanatosha" si jibu. Nimeuliza mara ngapi.

Mzee wa Vilima
Dada, huku joto linafika nyuzi 38 za Selsiasi na mvua hainyeshi kabisa kiangazi. Siwezi kuuacha mti na kiu wakati bomba lipo.

Hass wa Njombe
Mleta mada, mimi huo mti siujui ila hizo dalili nazijua. Huku tunalima parachichi. Eneo lenye maji kutuama, mti unaanza kunyauka upande mmoja, mkulima anadhani ni kiu, anaongeza maji, na hapo ndo anaumalizia. Ni vimelea vya Phytophthora, vinaozesha mizizi. Nina rafiki alipoteza safu nzima bondeni huku akilalamikia jua. Fukua pembeni kidogo uangalie vijizizi vyembamba. Kama ni vyeusi na gamba linachomoka ukivuta, umepata jibu.

Shahidi Namba Mbili
Jamani mbona mnamjibu kwa bidii hivi? Hii ni chai, tena ya rangi. Mti wa asili wa nchi kame unakufa kwa maji? Halafu huyu huyu mwaka jana alikuwa na uzi anauliza bei ya bati geji 28 Kigamboni. Kigamboni imehamia Sierra Nevada lini?

Kijana wa Tandale
😂😂 Ndo maana swali langu la viza kalikwepa.

Mzee wa Vilima
Shahidi, kujenga Kigamboni ukiwa ughaibuni ni dhambi? Hayo mabati nilituma hela, fundi akayala, nyumba hadi leo inaona nyota. Usinikumbushe.

Shahidi Namba Mbili
Maneno matupu. Picha iko wapi? Dada wa kitalu kaiomba tangu mapema, wewe unaleta nyuzi 38.

Bi Mkubwa wa Tabora
Hata mimi naanza kuingiwa na shaka. Na mwarobaini wangu nimeshauanika hapa.

Mzee wa Vilima
[picha]
Haya, hiyo hapo. Mmeridhika?

Hass wa Njombe
Mkuu. Hicho kijani chini ya mti ni nini?

Shahidi Namba Mbili
Nimekuza picha. Ule ni MCHICHA. Matuta matatu ya mchicha, na sukuma wiki pembeni. Na ule mpira mweusi wenye matundu umezunguka shina kabisa. Naomba radhi, uzi ni wa kweli. Mtu hawezi kutunga hili.

Mzee wa Vilima
Sasa wakuu, huku fungu la mboga za kwetu utalipata wapi? Pale chini ya mti ndo pana kivuli cha mchana. Mpira unafunguka wenyewe kila jioni, dakika chache tu. Sioni kosa, mchicha umestawi vizuri sana.

Mama Kitalu
Mchicha lazima ustawi, umeupa maisha ya mti mwingine.

Sikiliza. Huko Auburn mvua zinakuja wakati wa baridi, kuanzia kama Novemba hadi Aprili, na kiangazi ni kikavu. Manzanita imezaliwa hivyo: maji inayapata udongo ukiwa baridi, na joto likija udongo umeshakauka. Joto na unyevu kwake haviji pamoja. Wewe umevileta pamoja kila jioni, kwenye mfinyanzi usiopitisha maji haraka, juu yake samadi. Vimelea alivyovitaja ndugu wa Njombe havitaki kitu kingine. Kule Ione, kaunti ya Amador, si mbali sana na hapo ulipo, vimeua manzanita za porini ambazo hazikumwagiliwa na mtu, sembuse yako.

Ukame haujaukamata mti huu bila silaha. Tazama majani yake, yamesimama wima badala ya kulala, ili jua la saa sita lisiyapige bapa. Mche mchanga ndio unaohitaji maji kiangazi cha kwanza na cha pili, mara chache lakini ya kuzama. Ukishakomaa, uache.

Dawa ya kupuliza ya kufufua mzizi uliooza hakuna. Kinachobaki ni hiki: funga huo mpira leo, ng'oa mboga, kwangua samadi na udongo wote uliorundika mpaka uone shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi. Usichimbe kwa jembe, mizizi yake iko juu juu. Tandaza majani makavu au vipande vya mbao, lakini visiguse shina. Kisha ngoja. Mbolea usiuwekee tena, inaishi na kuvu wa mizizini wanaoulisha kwenye udongo maskini.

Na usihukumu tawi kwa macho. Kwaruza kwa ukucha: chini ya gome ukikuta kijani, liko hai. Manzanita iliyozeeka hukaa na mistari ya kijivu iliyokufa sambamba na utepe mwekundu ulio hai kwenye shina moja. Huo ndio uzuri wake, si ugonjwa.

Hujanijibu lile la kivimbe.

Mpagazi Mstaafu
Mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro njia ya Marangu miaka mingi. Ukishatoka msituni, kuna ukanda wa vichaka vyenye vijani vidogo kama sindano. Oktoba 2020 moto ulipita huko, kati ya Mandara na Horombo, ukaacha makaa matupu. Nilipopanda tena baadaye, visiki vile vile vimetoa machipukizi chini. Mti wa mlimani haufi. Kata hadi chini, utachipua.

Mzee wa Vilima
Asante sana mkuu! Hapa sasa ndo kuna mtu ameelewa swali. Kwa kuwa mmefikia hapo niseme tu: fundi wa msumeno anakuja Jumamosi kuukata chini kabisa, nimeshamlipa nusu. Na kwa usalama ni vizuri, huku sheria inataka kusafisha majani futi 100 kuzunguka nyumba kwa sababu ya moto.

Mama Kitalu
Ewe!

Mpagazi hajakosea kuhusu mlima wake. Ile miti ya Kilimanjaro na manzanita ni ukoo mmoja, na nyingine kwenye ukoo huo zina kivimbe cha mti chini ya shina, hazina ya machipukizi. Moto ukipita juu, kivimbe kinaanza upya. Hata baadhi ya manzanita zinacho. Lakini kwenye picha naona majani meupe ya kijivujivu na shina limeingia ardhini nyoofu. Hiyo inaitwa viscida, ndiyo iliyojaa vilima hivyo. Haina kivimbe. Ikiungua inakufa, zinazofuata ni mbegu zilizolala ardhini zikisubiri moto uziamshe. Ukiikata chini umeiua, na msumeno umelipia.

Na sheria ya futi 100 haisemi ufyeke kila kitu. Inataka upunguze, uachanishe vichaka, utoe matawi yaliyokufa. Hayo yatoe sasa wakati wa ukavu, kata palipo pakavu tu, paka spiriti kwenye makasi kila baada ya mkato. Tawi nene lililo hai usiliguse.

Kijana wa Tandale
Lakini dada, kichaka tu hicho. Si anunue kingine?

Mama Kitalu
Mwaka 2009 San Francisco walikuwa wanajenga barabara upya karibu na daraja la Golden Gate. Wakafyeka vichaka, wakakuta manzanita moja ya aina iliyodhaniwa imetoweka porini tangu miaka ya 1940. Januari 2010 waliichimba pamoja na bonge la udongo wake, wakaipandisha lori kwa winchi, wakaihamishia sehemu nyingine ya Presidio, hifadhi ya humo humo mjini. Kichaka kimoja. Ya huyu ndugu si adimu namna hiyo, ila kufikia kimo cha mtu hakukuchukua miaka miwili.

Hass wa Njombe
Mkuu, samahani. Hiyo nyumba ni yako?

Mzee wa Vilima
Hilo linahusiana nini na mizizi?

Hass wa Njombe
Nauliza tu. Mtu hakati mti wake kwa tarehe.

Mzee wa Vilima
Nimepanga. Mwenye nyumba ni bibi mmoja wa Kimarekani, alikwenda kwa binti yake Oregon, anarudi Jumatatu. Kwenye mkataba kuna mstari kuhusu hiyo manzanita. Nikafikiri akikuta kisiki kinachipua, nitamwambia nimeupogoa uwe mpya. Akikuta umekauka nusu ataona mboga ndo zimeua. Wakuu msinihukumu, mboga zenyewe alikuwa anazila.

Bi Mkubwa wa Tabora
Amana hiyo! Mwanangu, mpigie simu huyo bibi leo leo. Yule jirani wangu wa gereji angenifuata mapema na kusema ukweli tusingefika kwa mtendaji. Sasa hadi leo hatusalimiani, na harusi ya mwanawe sikwenda.

Mfugaji wa Kibaha
Naondoa ushauri wangu wa madebe mawili.

Shahidi Namba Mbili
Kwa hiyo fundi wa Kigamboni kala mabati, na wa Auburn kala nusu ya msumeno. Mkuu, acha kulipa mafundi kabla ya kazi.

Mzee wa Vilima
Nimefukua pembeni muda huu. Vijizizi vya upande wa kulia ni vyeusi, vinachomoka. Upande wa kushoto ni vyeupe. Nimekwaruza matawi pia, kushoto yote kijani.

Mama Kitalu
Basi nusu unayo. Fundi usimfukuze, mwache aje Jumamosi: atoe yale yaliyokufa kwa makasi safi, akusaidie kukwangua samadi na kuibeba. Udongo wa upande wa kulia usiusambaze sehemu nyingine ya uwanja, na majembe yasafishwe kabla hayajahamia kwenye mti mwingine. Bibi mwambie kabla hajafika, na umwambie maji yamefungwa tayari. Mboga ziwekee masanduku ya mbao upande wa nyuma, mbali na mti, uzimwagilie utakavyo.

Mzee wa Vilima
Sawa dada, nimekubali. Sukuma wiki nahamisha. Msumeno nimeshamwambia asije nao. Ila tuta moja la mchicha naomba libaki, lina mbegu.

Mama Kitalu
Lipi?

Mzee wa Vilima
Lile la kulia. Upande huo si umeshakufa?