Asaimenti ya sosholojia: hizi nadharia nazitumiaje kwenye kangomba?

BintiTandahimba:
Habari za jioni wakuu. Nipo chuo hapa Mtwara mwaka wa kwanza, tumepewa asaimenti tuchague jambo la kwetu tulieleze kwa mitazamo mikuu ya sosholojia, yani fankshonalizimu, nadharia ya mgogoro na ile ya mwingiliano wa ishara. Mi nimechagua kangomba, ile ya kuuza korosho kabla hazijavunwa, maana nimekua naiona, mtu kabanwa mwezi wa saba huko, mtoto anaumwa au hela ya salfa ya kupulizia mikorosho hana, anaenda kwa mwenye nazo anachukua, korosho zikidondoka anapeleka kwa bei ya kutupa. Notsi zote ninazo, Durkheim wa fankshonalizimu yupo, Marx wa mgogoro yupo, Mead wa mwingiliano wa ishara yupo, ila nikiandika natoka na aya tatu ambazo haziongei kabisa. Na je mwishoni lazima niseme ipi ndo ya kweli?

Mwalimu_Nachingwea:
Mdogo wangu mada nzuri sana hiyo, usiibadilishe. Wengi wanaanza na majina ya wazungu halafu jambo lenyewe linakuja mwisho kama mapambo. We anza na swali. Fankshonalizimu inauliza jamii inashikamana vipi na kila kitu ndani yake kinafanya kazi gani, Durkheim mwaka 1893 alikuwa anahangaika na hilo, watu wa viwandani kila mtu na shughuli yake, sasa wanaunganishwa na nini? Ila kwa kangomba nakushauri umsome zaidi Robert Merton, 1949, ndo aliyetenganisha kazi ya wazi na kazi iliyojificha. Alichambua mabosi wa siasa wa miji ya Marekani, rushwa yao kila mtu anaijua, lakini hawaondoki, kwa nini? Kwa sababu maskini na wahamiaji walikuwa wanapata kwao kazi, chakula, msaada wa haraka bila kuhojiwa hojiwa. Kangomba imepigwa marufuku miaka yote na bado ipo. Jiulize nani mwingine anampa mkulima hela saa tatu usiku bila dhamana wala fomu.

Mmwera_wa_Ruangwa:
Mwalimu nakuheshimu ila hapo ndo fankshonalizimu inaponiudhi, ukiisoma hivyo mwenye hela anatoka kama mfadhili! Hilo pengo analoziba limetoka wapi? Mkulima mwezi wa saba hana kitu kwa sababu msimu uliopita ulimwishia kwenye makato na madeni, kwa hiyo shida yenyewe inazalishwa kila mwaka na kuna mtu anaisubiri. Dada hapa ndo nadharia ya mgogoro inaingia, inauliza nani anafaidika na nani ana nguvu. Lakini usimbandike Marx hivi hivi. Mfanyakazi wa Marx hana chochote zaidi ya nguvu zake, anaziuza kiwandani. Mkulima wa Newala au Ruangwa mikorosho ni yake, shamba lake! Anachokosa ni uwezo wa kusubiri. Mwenye hela anaweza kukaa na mzigo mpaka bei ipande, mkulima hawezi, tofauti ya matabaka ipo hapo hapo. Na usiishie kwa huyo wa kijijini, naye kuna aliye juu yake, korosho zetu nyingi zinaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, kazi ya kubangua na faida yake vinabaki huko. Walter Rodney aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mwaka 1972 jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, msome uone huo mnyororo unavyovuta.

Mama_Mikindani:
Wote mmesema vizuri ila hakuna aliyeingia ndani ya nyumba yenyewe. Mwanangu mtazamo wa tatu, ule wa mwingiliano wa ishara, ndo mtamu kwa mada yako. Blumer aliupa jina mwaka 1937, Mead ndo aliyekuwa mwalimu wake Chicago. Unaangalia watu wawili wanavyopeana maana ana kwa ana. Sikiliza wanavyoongea: mkulima anakuja giza limeingia, anapiga hodi, "shikamoo mjomba", wanaulizana habari za nyumbani weee, hela inatolewa mwishoni kabisa na mjomba anasema "we nenda kamtibu mtoto kwanza". Hakuna aliyetaja mkopo wala riba. Imeshakuwa msaada wa ndugu. Sasa korosho zikishuka huyu akazipeleka ghalani AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kama sheria inavyotaka, kijiji kizima kinamwona yeye ndo mkosa fadhila! W.I. Thomas na Dorothy Thomas walishasema mwaka 1928, watu wakilichukulia jambo kuwa ni kweli, matokeo yake yanakuwa ya kweli.

Halafu waliokuja na mtazamo wa kifeminia wangekuuliza mke yuko wapi. Anafagia chini ya mikorosho, anaokota, anatoa mabibo, anaanika, ila akaunti ni ya baba na deni kakopa baba, mama analijua siku gunia linaondoka. Na hapa tunasema ukoo wetu unafuata upande wa mama.

BintiTandahimba:
Asanteni mno, yani hapo kwa mjomba nimeona kabisa! Kwa hiyo hitimisho nisichague mshindi?

Mwalimu_Nachingwea:
Usichague, waonyeshe wanapogongana. Mmwera anaita unyonyaji, wale wawili mlangoni wanaita msaada, na bila hilo jina la msaada unyonyaji usingedumu misimu yote hiyo. Aya zako zitaanza kuongea hapo. Na mie nakubali Merton peke yake hatoshi.

Mmwera_wa_Ruangwa:
Ukienda kuwahoji usiandike jina la mtu wala kitongoji, biashara yenyewe imekatazwa utamletea mwenzio matatizo. Na muhoji mwenye hela pia, sio mkulima tu.

Mama_Mikindani:
Na mama mwenye nyumba muhoji peke yake, mzee akiwa hayupo.