Maulidini mwendo wa saa moja na nusu: ni kwa ajili ya watoto, au ni hamu yangu mimi?

Mama_wa_Watatu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba maoni ya mtu anayelea watoto huku ugenini.

Sisi tunakaa karibu na Lincoln, Uingereza. Nyumba ya Waswahili hapa ni moja tu, yetu. Msikiti upo, alhamdulillah, lakini mawaidha ni Kiurdu na Kiingereza. Kwa hiyo Jumamosi moja kila mwezi tunakwenda Leicester. Wazanzibari na Wabrava wa Somalia kadhaa wanakodi ukumbi: darsa ya watoto, adhuhuri kwa jamaa, chakula, na ukiingia Mfunguo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, maulidi.

Mume wangu anafanya kazi usiku kiwandani, na Jumamosi ndiyo siku yake ya kulala. Anasema Kurani watoto wanasoma kwa Zoom na ustadhi wa Mombasa, siku tatu kwa wiki, sasa petroli tunaichomea nini? Na wanasoma kweli. Saa kumi na moja jioni ya hapa, kwa ustadhi ni saa mbili usiku, majira ya joto saa moja. Umeme ukikatika kwake tunajua, mjukuu wake akilia tunajua. Binti yangu wa miaka tisa anakaribia kumaliza Juzuu Amma.

Basi mwaka jana kwenye maulidi, Barzanji, kile kisomo cha kuzaliwa Mtume, ikafika pale pa kusimama. Ukumbi mzima ukainuka, "Ya Nabii salaam alayka." Binti yangu kabaki kitini anatazama miguu ya watu. Akanivuta buibui: "Mama, tunaondoka?"

Wallahi nilitahayari. Mimi kiyamu, huko kusimama na kuimba, sikufundishwa na mtu. Nilikulia Ng'ambo, Unguja, nikajikuta nakijua. Huyu wangu anazisoma sura kwa tajwidi kunishinda mimi, lakini hajui watu wanasimama lini.

Bado nimeduwaa, akapita mzee na chetezo, udi ukapanda mpaka darini, kengele ya moto ikalia! Sote nje, na kanzu zetu, mvua inanyesha, biriani iko ndani. Mwanangu wa kiume, miaka kumi na minne, aliyekuja kanuna kwa sababu amekosa mpira, ndiyo siku ya kwanza nilimwona anacheka na wenziwe.

Nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa. Watoto walipata nini siku ile? Au mimi ndiye niliyepata, nikawasingizia wao?

Abu_Dalili

Dada, kabla ya petroli ungeuliza maulidi yenyewe yana dalili gani katika Kurani na Sunna. Darsa na swala, sawa. Hayo mengine mimi simo.

Mlamu_wa_Minnesota

Waalaykum salaam dada. Kwanza, Mtume (s.a.w.) amesema katika hadithi aliyoipokea Muslim kwamba watu hawakai wakimtaja Mwenyezi Mungu ila malaika huwazunguka, rehema ikawafunika na utulivu ukawashukia. Watu, kwa wingi. Zoom ni neema, siikatai, ila mtoto yuko peke yake chumbani na kioo.

Pili, kwetu Lamu, Habib Swaleh alikuwa mgeni, katoka Ngazija. Alipoanza kusomesha watoto wa mafukara na waliotoka utumwani, na matari yakaingia kwenye maulidi, wakubwa wa mji walinung'unika sana. Leo maulidi ya msikiti wake, Riyadha, yanajaza mji kila Mfunguo Sita. Wale watoto walivutwa na matari kwanza, ilimu ikafuata. Kwa hiyo kengele yako ya moto usiidharau.

Kijana_Barking

Shikamoo mama. Mimi nimezaliwa London, Kiswahili changu cha jikoni, mnisamehe.

Nilipelekwa kwenye mikusanyiko kama hiyo kwa lazima, toka miaka sita hadi kumi na sita. Mawaidha sikumbuki hata moja. Nakumbuka viti. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye ufunguo wa stoo, akinipa mimi, nikapanga viti nikavirudisha. Alikuwa mkali, kiti kikiwa upande anakisogeza mwenyewe huku ananitazama.

Nilipofika miaka 19 niliacha kuswali, karibu mwaka. Nyumbani walinihubiria wakachoka. Yule mzee hakunihubiria. Alipiga simu: "Jumamosi viti nani atapanga? Mgongo wangu huu." Nikaenda kupanga viti. Adhuhuri ikaingia nikiwa mle mle, sikuwa na pa kukimbilia.

Mpeni mwanao kazi, asiwe mgeni pale. Halafu mama, muulize ratiba ya mechi zake. Jumamosi ya mechi muacheni acheze, nyingine atakuja bila kununa. Au atanuna kidogo.

UmmuZ_Toronto

Sisi huku tuna RIS (Reviving the Islamic Spirit), mkutano mkubwa wa Waislamu wa kila mwisho wa Disemba, ulioanza 2003. Binti yangu darasani kwao mwenye hijabu ni yeye peke yake, na siku zile tatu anaona maelfu. Anarudi kanyanyua shingo, faida hiyo siwezi kuikana. Lakini Januari ikifika hakuna mtu wa kule anayeniuliza mbona sikuonekana. Wa kuniuliza ni wale mama kumi wa darsa ya Jumapili, kwenye sebule ya mtu. Nilipojifungua, ni wao walioleta uji wa pilipili manga, na baridi ile! Ningeambiwa nichague kimoja, ningebaki na sebule.

Mama_wa_Watatu

Marahaba mwanangu wa Barking. Ujumbe wako nimemsomea mume wangu mara mbili. Hakusema kitu, kisha akauliza ukumbi una viti vingapi.

Bwana Abu Dalili, hilo la dalili nalisikia tangu utotoni na halijesha. Karibu kwenye darsa, wakati wa kusimama utatoka kutuangalizia viatu.

Mechi nimeuliza: Jumamosi hii hana. Binti nimeanza kumwimbia kiyamu tukiosha vyombo, na ameshashika beti mbili. Ananisahihisha matamshi.

Zamu yetu ya maandazi. Udi tutafukizia nje, mlangoni.